Maumivu ya Mishipa Si Ugonjwa Mmoja

(Mazungumzo ya afisa tabibu mbele ya wakazi wa kata, siku ya upimaji wa sukari na shinikizo la damu. Yamechapwa kama yalivyosomwa.)

   

Nimeombwa nizungumze juu ya maumivu ya mishipa. Nilipoupokea mwaliko huu nilicheka kidogo peke yangu, kwa sababu huku kwetu pwani neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Mzee akisema ana mshipa, yamkini ana ngiri au busha. Mama akisema mishipa imemsimama miguuni, anazungumzia mishipa ya damu iliyovimba baada ya uzazi. Kijana aliyelala vibaya husema mshipa wa shingo umekaza, naye anamaanisha msuli. Na bibi asiyepata usingizi kwa sababu nyayo zinamwaka moto husema vilevile kwamba ana mishipa. Watu wanne, neno moja. Na wote wanne wakifika kwenye duka la dawa huweza kutoka na vidonge vya aina moja.

Leo nasema juu ya huyo bibi wa mwisho, yaani juu ya mishipa ya fahamu. Na hata hapo nitawaomba tusiridhike na jina moja, kwa maana ndani ya maumivu ya mishipa ya fahamu yamo maradhi mengi, kila moja na chanzo chake na tiba yake, na mengine yakicheleweshwa hula mkono au mguu.

Wengi wenu mmekulia kando ya mashamba ya mkonge. Mmeziona singa zikianikwa juani, na mnajua kwamba kamba moja ya katani ina singa nyingi zilizosokotwa pamoja. Mshipa wa fahamu ndivyo ulivyo. Zimo nyuzi zinazopeleka ubongoni habari ya moto na maumivu, zimo zinazopeleka habari ya mguso, na zimo zinazoleta amri ya ubongo kwenye misuli. Uzi wa maumivu ukijeruhiwa hupeleka habari za uongo: mtu husikia moto pasipo moto, sindano pasipo sindano, siafu wakitambaa katika mguu usio na hata mdudu mmoja. Uzi huohuo ukifa kabisa, hunyamaza. Hapo huja ganzi, na hapo ndipo wengi hudhani wamepona. Mama mmoja aliwahi kuniambia, Daktari, namshukuru Mungu, miguu imeacha kuwaka. Nilimwomba aniruhusu niikague. Katikati ya unyayo mlikuwa na kidonda chenye upana wa sarafu, na ndani yake mlikuwa na kipande cha mwiba. Hakuwa na habari nacho.

Basi jambo la kwanza ni kuyatambua maumivu yenyewe. Maumivu ya maungio, kama goti la mzee, huzidi mtu anapolitumia na hupungua anapopumzika, na mara nyingi goti huvimba. Mguu usiopata damu ya kutosha huuma kwenye chafu mtu anapotembea, akisimama dakika chache hutulia. Mwenye matende huona mguu umejaa, na mara kwa mara hupatwa na homa na maumivu ya tezi za kinenani; ugonjwa huo huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na ndio uliotuletea katika mkoa huu wa Tanga, tangu mwaka 2004, ugawaji wa dawa kwa jamii nzima. Lakini maumivu ya mishipa ya fahamu yana tabia yake: huchoma, hupiga kama umeme, na huzidi usiku wakati mwili umetulia. Wapo wasioweza kuvumilia hata shuka kugusa vidole. Ukimsikia mtu akisema shuka inamuuma, usimcheke. Amekwisha kukupa nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni mahali. Mimi humwuliza mgonjwa: yalianzia wapi, ni upande mmoja au pande zote mbili, na yanaelekea wapi? Majibu ya maswali hayo huitenganisha sehemu kubwa ya maradhi haya kabla hata ya kugusa kipimo.

Tuanze na yale yanayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, yakapanda polepole kwa miezi au miaka, kana kwamba mtu anavaa soksi inayorefuka. Yakifika karibu na magoti, vidole vya mikono navyo huanza. Sababu ya mpangilio huo ni urefu. Mishipa inayofika kwenye vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, karibu mita nzima kutoka kiunoni, na kitu chochote kinachoitia sumu au kuinyima chakula mishipa yote huitesa kwanza ile mirefu.

Mhusika mkuu wa soksi hiyo siku hizi ni kisukari. Wapo wanaoishi nacho miaka bila kujua, na miguu inayowaka ndiyo inayowafikisha kwetu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikaonesha hivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa kisukari. Kwa hiyo mtu yeyote anayewaka nyayo zote mbili anastahili kupimwa sukari kabla ya kununuliwa dawa yoyote. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni.

Ipo dalili moja ambayo wagonjwa wetu hawaitaji kwa kuwa wanaiona haina maana: kandambili humtoka mguuni bila yeye kujua, akafika mbele akitazama chini mguu mtupu. Mguu usiojua kuwa umevuliwa ndala hautajua pia kuwa umekanyaga kipande cha chupa au makaa. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Ukiisoma kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni hadithi. Si hadithi. Ganzi ikishatawala, panya hufanya kazi yake usiku na mwenye mguu huona damu asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi mama zangu mwache kuwakanda wazee kwa maji ya moto pale wanapolalamikia miguu. Mnafanya kwa mapenzi, nalijua hilo, lakini mzee mwenye ganzi hawezi kuwaambia kwamba maji yamezidi, na ngozi itatoka naye yuko kimya. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, na yawe vuguvugu tu.

Soksi hiyohiyo huweza kuletwa na mambo mengine. Pombe ya kila siku, iwe mnazi au gongo, hasa kwa mtu asiyekula. Virusi vya UKIMWI vyenyewe. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo huuondolea mwili vitamini B6. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa na kidonge kidogo cha vitamini hiyo, naye asikiache akidhani ni cha ziada. Wapo pia wenzetu walioanza dawa za kufubaza virusi miaka ya mwanzo, wakatumia stavudini. Dawa hiyo iliokoa maisha ya wengi, lakini ilijeruhi mishipa, na Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2009 iondolewe katika matumizi. Baadhi yao miguu ingali inawauma hadi leo, na huhofia kwamba dawa wanazotumia sasa ndizo zinazowaumiza. Wasiziache. Waje tuzungumze.

Na vidonge vya metformini, ambavyo wengi wenu wenye kisukari mnavyo, vikitumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, nao upungufu huo huchoma miguu kama kisukari kifanyavyo. Hili nalo si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kumkumbusha mganga.

Sasa nageukia maradhi ambayo hayavai soksi, na hapa nina deni la kulisema.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika zahanati ambayo sitaitaja, alinijia mvuvi mwenye ganzi katika kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto, na maumivu yaliyokuwa yakishuka kutoka kwenye kiwiko. Nilimwuliza kazi yake. Akasema anavuta nyavu. Nikaandika kwamba ni kazi nzito, nikampa diklofenaki. Alirudi mara ya pili, nikampa tena. Mara ya tatu nikamwongezea sindano za vitamini. Mara ya nne aliletwa na mkewe, na vile vidole viwili vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayeshika kikombe. Ndipo nilipomwomba avue shati. Kwenye bega la nyuma mlikuwa na baka lililopauka, na kingo zake zilikuwa na wekundu wa shaba. Niliomba afumbe macho, nikaligusa baka kwa pamba. Hakusikia. Nikapapasa nyuma ya kiwiko chake. Mshipa ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia mbuzi.

Ulikuwa ukoma. Alitumia dawa miezi 12 bila kukosa, akapona vimelea vyote. Vidole havikunyooka.

Nalisema hili hadharani kwa sababu wengi hudhani ukoma ulikwisha. Nchi yetu ilifikia mwaka 2006 kiwango cha mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini kiwango hicho hakina maana ya sifuri, na mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ambayo wagonjwa wapya wangali wakipatikana. Vimelea vyake, ambavyo Mnorwei Hansen alivigundua mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, ambako mishipa hupita karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, pembeni mwa goti, nyuma ya kifundo cha mguu. Ugonjwa huweza kukaa miaka mitano, hata 20, kabla ya kujionesha. Huenda upande mmoja tu ukaathirika, au mkono wa kulia na mguu wa kushoto, bila utaratibu wa soksi. Baka lake haliwashi wala haliumi. Ndiyo maana watu hulifumbia macho wakidhani ni mba au punye. Baka lisilohisi pamba si la kupakwa dawa ya dukani. Dawa zake ni za bure tangu mwaka 1995, hutumika miezi 6 au 12, na mgonjwa akianza kuzitumia haambukizi tena baada ya muda mfupi. Hana haja ya kutengwa chombo wala kitanda. Hata bila dawa, watu walio wengi sana wana kinga ya asili ya kuukataa ugonjwa huu.

Lipo jambo moja zaidi hapo. Mgonjwa wa ukoma, akiwa katikati ya tiba au hata baada ya kuimaliza, huweza kuamka siku moja mshipa ukimuuma vikali, mkono umelegea au baka limevimba na kuwa jekundu. Huo si uchawi, wala si dalili kwamba dawa zimekataa. Ni mwili unaopambana na mabaki ya vimelea, na mapambano hayo huubana mshipa. Huhitaji predinisoloni haraka. Udhaifu wa misuli usiozidi miezi 6 una nafasi nzuri ya kurudi. Ukipita hapo, matumaini hupungua. Yule mvuvi wangu alikuwa amepita hapo, nami ndiye niliyempitisha.

Msije mkaondoka na hofu kwamba kila ganzi ya mkono ni ukoma. Kinamama wanaokuna nazi, kufua, kushona na kusuka ukili hupatwa sana na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayowaamsha usiku hadi wakung'ute mkono ndipo itulie. Huo ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kufunga kifundo kikae kimenyooka wakati wa kulala husaidia wengi, na kwa mjamzito mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Tazameni vidole: gumba na wenzake, shida iko kwenye kifundo cha mkono, kidole kidogo na cha pete, shida iko kwenye kiwiko, na hapo vua shati ukaguliwe ngozi yote.

Mkanda wa jeshi mnaufahamu. Malengelenge upande mmoja wa mwili, kama mshipi uliofungwa nusu. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga mlichokipata utotoni, kilichojificha kwenye shina la mshipa. Dawa yake, asiklovia, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee, kwa hiyo msimalize siku hizo kwa kupaka majivu. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, njoo siku hiyohiyo, jicho liko hatarini. Ngozi ikishapona, maumivu huweza kubaki miezi, hasa kwa wazee. Na mwenye mkanda wa jeshi, kijana au mzee, tutamshauri apime virusi vya UKIMWI.

Wako wachache wenye umeme wa ghafla shavuni, sekunde chache, wakipiga mswaki au upepo ukiwapuliza. Wengine hung'olewa meno mazima, moja baada ya jingine, na umeme ukabaki palepale. Huo ni mshipa wa uso, na una dawa yake, kabamazepini.

Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, nyuma ya paja, hadi unyayoni, katika mguu mmoja, ni ya shina la mshipa lililobanwa kwenye uti wa mgongo. Makuli na wakata mkonge wanayajua. Wengi hupona kwa majuma kadhaa wakiendelea kutembea kwa kiasi, na kulala kitandani mwezi mzima huwadhuru. Ila mtu mwenye kiuno akipata ganzi katikati ya mapaja, au akashindwa kuzuia mkojo au kubana haja kubwa, huyo asingoje kesho. Vivyo hivyo mtu ambaye udhaifu wa miguu unapanda siku hadi siku.

Juu ya mihogo nimeulizwa mara nyingi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wakazi wa Tarime walikula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, na baadhi yao miguu yote miwili ikakakamaa ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Hauchomi, wala hauleti ganzi ya soksi. Hukakamaza, na hauondoki. Mihogo michungu iloweshwe siku tatu au zaidi, ikaushwe vizuri, hata kama njaa inasukuma. Na Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari walianza kuona vijana waliofifia macho yote mawili, baadhi yao wakiwa na matatizo ya mishipa ya miguu pia. Upungufu wa vitamini za kundi B ulishukiwa. Miguu inayowaka pamoja na macho yanayofifia ni safari ya hospitali.

Wapo wanaoambiwa wamekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Sibishani na imani ya mtu. Namwomba tu, kabla ya kuchanjwa chale kwenye mguu ambao huenda una kisukari, apime sukari kwanza. Jeraha dogo kwenye mguu wa namna hiyo nimeliona likiishia kukatwa goti.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Parasetamoli na diklofenaki hazifanyi kazi kubwa kwenye maumivu haya, na diklofenaki ya kila siku huumiza tumbo na figo, hasa za mwenye kisukari. Sindano za vitamini B humfaa aliyepungukiwa. Kwa asiyepungukiwa ni fedha iliyopotea, na vitamini B6 ikizidi sana kwa muda mrefu, yenyewe hujeruhi mishipa. Dawa inayosaidia wengi ni amitriptilini, kwa kiasi kidogo, usiku. Mnaponunua na kusomewa karatasi yake mnaambiwa ni dawa ya sonona, mnarudi mmekasirika: kwani mimi nimekuwa mwendawazimu? La, mama. Dawa moja huweza kuwa na kazi mbili, na kwa kazi hii kipimo chake ni kidogo zaidi. Mpe majuma kadhaa. Hukausha kinywa na huleta usingizi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shida ya kukojoa, na anayeendesha pikipiki aseme kabla ya kuandikiwa.

Mnapofika zahanati, msiseme nina mishipa. Semeni: yananiwaka nyayo zote mbili tangu mfungo uliopita, au: kidole kidogo kimekufa ganzi. Vueni viatu bila kungoja kuambiwa. Ombeni sukari ipimwe, na ngozi ikaguliwe mbele na nyuma. Zahanati ikiona haja itawapeleka kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mwenye baka ataunganishwa na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Na yale yanayotushinda tutayapeleka Bombo, na kutoka huko, ikibidi, KCMC Moshi au Muhimbili.

Nimekuja na pamba, chuma kinachotetema, na uzi wa nailoni ambao ukiutazama utasema ni mshipi wa kuvulia. Uzi huo ukiubonyeza kwenye unyayo hadi upinde, mguu mzima unapaswa kuusikia. Nitakaa pale chini ya mwembe hadi adhuhuri. Wenye kisukari waanze, na wazee waliokuja na wajukuu wapewe nafasi ya mbele. Mwenye swali ambalo hapendi kuliuliza mbele ya watu, aje mwisho.